Simu ya mtu wa boda haichaguliwi kwa kamera

Siku nilijua nimenunua simu ya mtu mwingine nilikuwa Kileleshwa hapa Nairobi, Othaya Road, saa moja jioni, mvua ya mwezi wa nne ile haina huruma, nyuma kwa boksi nimebeba keki ya mtoto na simu iko kwa hendo inajiguza yenyewe. Sio utani. Matone yakianguka kwa skrini simu inadhani ni vidole, ikafunga ramani, ikafungua kamera, ikapigia jamaa wa gesi wa Kangemi ambaye hatujaongea tangu Januari, na mimi hapo na glavu, nikiguza haisikii, nikitoa glavu vidole viko na maji, bado haisikii. Kastoma anapiga, naona jina, siwezi kushika. Nikasukuma pikipiki hadi geti ya kwanza nikamwambia soja, "Mkubwa, naomba nijikinge hapo kidogo nipanguze simu." Akaiangalia venye inafungua na kufunga vitu yenyewe akacheka, akaniambia, "Hiyo simu yako iko na pepo."

Keki ilifika saa mbili na robo, sherehe imeanza, watoto wamelishwa mandazi ndio watulie. Mama mwenye keki hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mimi nabeba mizigo midogo, keki, viatu za watu wa kuuza kwa simu, dawa, makaratasi ya ofisi, steji yangu ni Westlands na kwangu ni Kangemi, na kwa miaka sita ya hii kazi nimemaliza simu tatu, sa hii niko ya nne. Hizo tatu zote nilinunua vibaya, kila moja kwa njia yake, na kila saa nilikuwa najiona mjanja.

Na si ati nlikuwa sijafunzwa. Simu yangu ya kwanza kabisa, kabla hata ya pikipiki, ilikuwa ile ya laini mbili, antena ya TV ya kuvuta, spika ya kusikika mtaa mzima, na jina kwa kava imeandikwa karibu ka Nokia lakini si Nokia. Niliipenda aki. Halafu mwisho wa Septemba 2012 serikali ikazima simu feki zote, karibu milioni 1.9 zilitolewa kwa mtandao, na yangu ikiwa ndani. Usiku nimelala nayo iko na netiwaki, asubuhi imebaki TV. Hapo ndo nlijifunza *#06#, unabonyeza inakuletea IMEI, ile namba ya kutambulisha kila simu, unalinganisha na ile ya kwa boksi na risiti, zikikataana unarudisha simu kabla utoe pesa. Hiyo moja sijawahi kusahau. Mengine yote nlisahau.

Ile ya kwanza ya kazi nlichukua ya mkopo, ya kulipa kila siku. Sitataja duka. Deposit 2,500, halafu 75 kila siku mwaka mzima, na 75 si kitu, hiyo ni chai na andazi, ndio venye unajiambia. Piga hesabu lakini, 75 mara 365 ni 27,375, weka deposit ni 29,875, na simu hiyo hiyo pale Luthuli, ile barabara ya maduka ya simu mjini, ilikuwa inauzwa kesh 16,000 na kitu. Lakini hata si hiyo bei iliniuma. Iliniuma Jumatatu moja, Jumapili nlikuwa nimeenda matanga nikasahau kulipa, naamka saa kumi na moja simu imejifunga, inaonyesha tu namba ya kulipia. Programu ya kazi iko ndani, ramani iko ndani, namba za kastoma ziko ndani. Ili nipate pesa ya kulipa nahitaji simu, ili nipate simu nahitaji kulipa. Nikaenda steji kukopa 150 kwa mwenzangu ka mtoto wa shule. Sisemi mkopo ni mbaya, kuna watu hapa steji bila huo mkopo hawangekuwa na simu yoyote, na ukiwa na mshahara wa mwezi huenda hata usione shida. Lakini ni kama mtu akukopeshe jembe halafu siku hujalima analifungia. Na RAM yake, ile nafasi programu zinakaa zikiwa zimefunguliwa, ilikuwa 2GB. Ukiwa kwa ramani, kastoma akilipa ukafungua M-Pesa uangalie, ukirudi ramani imekufa inaanza upya, na wewe uko katikati ya James Gichuru matatu inakupigia honi.

Ya pili sasa nikasema sitaki mkopo na sitaki RAM kidogo. Nikanunua ya mtumba, zile wanaita ex-UK, 14,000, simu ya ukweli ya kitajiri ya miaka kadhaa nyuma. Kamera ilikuwa moto. Mimi na kamera nafanyia nini, siulizwi, lakini nilipiga picha Ngong Road machweo nikaweka status watu wakaniuliza nimehamia wapi. Miezi minne tu. Kamera ikaanza kutetemeka, ukiifungua picha inacheza cheza na simu inatoa sauti ndani ka kriketi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee, ghorofa ya pili pale Luthuli, mtu wa miwani mbili. Hakuifungua hata.

"Kijana, wewe ni wa boda?"

"Eeh mzee."

"Na simu unaweka kwa hendo."

"Eeh."

"Basi simu haina makosa. Kazi ndio imeishinda."

Akanieleza, na kusema ukweli hii ndio pesa nzuri zaidi sijawahi kulipa kwa sababu hakunitoza. Kamera za bei ya juu ziko na lensi haijashikwa kabisa, imeachwa ielee kidogo, kuna sumaku na vitu vidogo vya kuisawazisha ndio mkono wako ukitetemeka picha isitetemeke. Sasa wewe unaichukua unaifunga kwa chuma ya pikipiki, injini inaitikisa masaa kumi kwa siku, hiyo kitu lazima ichoke. Nlidhani ananipiga stori mpaka nikaenda kusoma nikapata hata Apple wenyewe walitoa ilani Septemba 2021 wakiambia watu wasifunge iPhone kwa pikipiki za injini kubwa, juu ya hiyo hiyo mtetemo. Yangu haikuwa iPhone na pikipiki yangu ni 150 tu lakini kwa barabara za Kangemi sioni tofauti. Ile simu ya kamera rahisi, haina hiyo lensi ya kuelea, haina hiyo shida. Yaani kitu kilichofanya hiyo simu iwe ghali ndicho kiliifanya iwe mbaya kwangu.

Ya tatu ndio ile ya pepo. Hii nlidanganywa na boksi, hapana, nlijidanganya mwenyewe nikitumia boksi. Imeandikwa 8GB kubwa, chini kwa maandishi ya chungu imeandikwa 4+4. Maana yake RAM ya ukweli ni nne, zile nne zingine imeazima kwa storage, ile nafasi ya kuweka picha na video, na storage ni pole kuliko RAM, ni ka kuambiwa nyumba ina vyumba viwili kumbe cha pili ni cha jirani unaruhusiwa kulala akisafiri. Muuzaji nikimuuliza ananiambia ni kitu moja tu. Si kitu moja.

Lakini RAM ningevumilia. Kitu kilinimaliza ni jua. Ndani ya duka skrini ilikuwa inang'aa ka TV mpya, nje saa saba mchana Waiyaki Way nilikuwa naona uso wangu na helmeti. Skrini inapimwa mwangaza kwa niti, hiyo yangu ilikuwa kama 450, na kwa jua la saa saba hiyo ni kidogo. Halafu jua lenyewe likishachoma simu ikapata joto, inajipunguzia mwangaza zaidi ndio isiungue, na inakataa kuchaji. Sasa uko na simu imechomekwa kwa pikipiki, haichaji, huioni, na betri inaenda. Ukiilazimisha hivyo kila siku betri inaweza kuvimba, niliona ya mwenzangu imesukuma kava ya nyuma ka chapati imefura kwa kikaango.

Na ilikuwa haina dira. Hii watu wengi hawajui kabisa, mimi pia sikujua. Simu nyingi za bei ya chini wanatoa ile sensa ya dira kupunguza gharama. GPS iko, inajua uko wapi, lakini ukiwa umesimama haijui umeangalia upande gani mpaka uanze kusonga. Mtu wa kutembea akikosea anageuka tu. Kwa boda pale raundabauti ya Globe, njia zinaenda kila upande, mshale wa ramani unazunguka ka mlevi, unachagua moja kwa imani, na ukichagua vibaya hakuna kurudi, unaenda mpaka Ngara ukitafuta pa kugeukia. Ukitaka kujua simu iko na dira, fungua ramani hapo hapo dukani, angalia ile doti ya bluu. Ikiwa na ka mwanga kamefunguka upande mmoja ka tochi, na ukigeuka kanageuka na wewe, iko. Ikiwa doti tu, duara, mavi ya mbuzi, haina. (Na weka ramani kwa pikipiki, si kwa gari, la sivyo itakupeleka Expressway na pale hatuingii, askari wa pale ni wazuri lakini watakurudisha.)

Hiyo simu iliibiwa. Taa nyekundu, jamaa amepita kwa mguu, mkono umeenda umerudi, holda imebaki inatingika. Sikulia juu ya simu, nlilia juu ya laini, kwa sababu laini ya M-Pesa ilikuwa ndani na pesa ya kastoma watatu. Nikakimbia kwa duka la mama mmoja nikaomba simu, nikapiga kufunga laini, halafu nusu siku kwa foleni nikirudishiwa namba. Pesa nikazikuta. Siku ya kazi ndio sikuikuta.

Wiki hiyo nikiwa na simu ya kuazima ndio nilifanya kitu ningefanya miaka sita nyuma. Nikachukua kadaftari ka mtoto, kila jioni naandika leo simu imenifanyia nini. Si vitu ningependa inifanyie, imenifanyia nini. Siku saba. Ramani masaa karibu saba kwa siku. Simu za kupigwa, kama arobaini, nyingi kando ya barabara, kelele. Meseji za M-Pesa. WhatsApp, zaidi lokesheni na picha za geti. Picha nilizopiga mimi wiki nzima: kumi na moja, zote za mzigo umefika. Kumi na moja! Na mimi simu tatu zote nlinunua nikiuliza kwanza kamera ni megapikseli ngapi.

Basi nikaenda Luthuli na hako kadaftari. Kijana wa duka alinitolea simu nzuri nzuri tano, nikamwambia, "Mkubwa, naomba nitoke nayo nje kwa jua."

"Nje wapi?"

"Hapo tu kwa mlango."

Akaniangalia na koti langu la boda, na mimi namuelewa, hii ni Luthuli, wangapi wametoka nje hivyo. Nikamwachia helmeti, kitambulisho na ufunguo wa pikipiki kwa kaunta. Nikasimama kwa jua na tatu, moja moja, mwangaza juu kabisa, ramani imefunguliwa. Mbili zilikufa hapo hapo. Ya tatu naisoma vizuri, hata na miwani ya helmeti. Samsung A15, skrini ya AMOLED, mwangaza inafika niti 800. Nikazunguka na ile doti ya bluu ka mtu anacheza ngoma, watu wa mkokoteni wananiangalia, tochi inanifuata. Nikaweka laini zote mbili nikapiga nikiwa karibu na matatu inaita abiria nione kama nasikia. Nikabonyeza *#06#. Betri 5,000mAh, hiyo siku hizi ziko nazo nyingi. Kamera haina ile lensi ya kuelea, hapo nilifurahi peke yangu, muuzaji alishangaa mtu anafurahia kamera kukosa kitu. Na kampuni imesema itapata apdeti za usalama miaka 5, hiyo nilihesabu kwa sababu programu za kazi na za benki zinafika mahali zinakataa Android ya zamani, na simu ni nzima kabisa lakini inakuwa tochi. 19,500. Nikalipa kesh, pesa ya chama.

Lakini laini ya M-Pesa haiko ndani yake. Nlinunua kabambe ya vibonyezo, 1,500, iko mfuko wa ndani wa koti, imefungwa zipu. Kastoma akilipa inalia hapo kifuani nasikia, nikitaka kutuma natumia *334#, haihitaji bando wala nini, na chaji inakaa siku nne. Mwizi akitaka hendo achukue hendo. Watu wa steji walinicheka wakaniita mzee wa mulika mwizi, sa hii tuko sita.

Na kuna vitu hakuna simu itakutatulia. Mvua ni mvua. Hata hii ya sasa ikinyeshewa inachanganyikiwa, skrini zote hizi zinasikia umeme wa kidole, na maji yanapitisha, ngozi ya glavu haipitishi, ndio maana tone linafungua kamera na wewe huwezi kuifunga. Zamani tungefunga na karatasi za plastiki za dukani, lakini zilipigwa marufuku Agosti 2017, nikanunua ule mfuko wa kuona ndani wa kushonwa, natumia mvua ikianza tu, kwa jua unapika simu. Kidole kimoja cha glavu nimekata ncha. Na sikio moja la kushoto nimeweka earphone ya waya ndani ya helmeti, ramani inaniongelesha, hata skrini ikienda wazimu najua pa kukata kona. Pawabenki pia, ile imeandikwa 10,000, usidhani itajaza simu ya 5,000 mara mbili, njiani zinapotea nyingi kwa kubadilisha umeme, mimi napata moja na kidogo. Kwa jioni inatosha.

Dadangu ako na saluni Uthiru, akaona hii simu akataka ka hiyo, nikamkataza. Yeye anapiga picha za nywele kutwa nzima, anaweka video, anafanya kazi ndani ya nyumba, jua hamhusu, mtetemo hamhusu. Nikampeleka kwa yule yule mzee wa miwani mbili akamtafutia ya mtumba yenye kamera ka ile ilinishinda, betri ikabadilishwa hapo hapo, na storage 256GB kwa sababu video zinakula. Anaringa nayo. Mathe naye kule Vihiga tulimpelekea simu ya skrini Krismasi, Februari akairudisha na mtu wa basi imefungwa kwa leso, akasema inamzimia simu za watu. Kumbe alikuwa anashikia kwa shavu. Ako na kabambe, ametulia.

Shida bado ziko, si uongo. Kidole changu kikiwa na oili ya cheni ile sehemu ya kando ya kusoma alama ya kidole haikisomi, natumia pini. Na kava nilikata chini na wembe ndio chaja ya pikipiki iingie, imekaa vibaya.

Wiki iliyopita nilikuwa Othaya Road tena, mvua tena, wakati huu ni mzigo wa dawa na sijachelewa. Nikapita ile geti. Soja bado ni yule. Akaniona na simu imevaa mfuko wake kwa hendo, akapaza sauti kutoka kwa kibanda, "Wewe wa boda! Ile pepo ilitoka?"

Nikamwambia iliibiwa nayo.